Pointi Mbili za Doto

Jamani kulea watoto wa siku hizi bora ukabebe magunia ya dagaa pale Mwaloni, maana dagaa hata ukimbeba vibaya hakujibu.

Mi nina mapacha, Kulwa na Doto, wote wametoka darasa la sita juzi, tunakaa huku Igoma, Mwanza. Kulwa ni wa kike, mkimya, ila huo ukimya wake uuogope. Doto ndo wakili wa nyumba.

Sasa tarehe 30 Desemba 2025, si mnakumbuka, AFCON, Taifa Stars na Tunisia kule Morocco, huku kwetu saa moja usiku. Nimelipia king'amuzi kwa hela ya gesi, Mama Kulwa hajui (sasa hivi anajua). Tunisia wametangulia kwa penati, roho inaniuma, kipindi cha pili kimeanza tu Fei Toto huyo, wavuni! Nikaruka, ndala moja ikaenda kutua kwenye sufuria ya sato. Katikati ya hiyo vurugu Doto kanisogelea na karatasi na peni, anasema baba saini hapa, ya shule hii. Nikasaini. Siku ile ungeniletea hata hati ya kiwanja ningesaini.

Asubuhi naiona karatasi juu ya friji, kumbe ripoti! Shule imefungwa mwanzoni mwa Desemba, wiki zote hizo ripoti ilikuwa imelala chini ya godoro inasubiri Stars wasawazishe. Hisabati 11 kati ya 50. Nafasi ya 97 kati ya watoto 112. Halafu chini kabisa pale pa maoni ya mzazi pameandikwa "Nimeridhika", mwandiko wa Doto, saini yangu.

Nikamwita. We Doto, kumi na moja ndo nini?

"Baba, jana si ulisema Stars wameandika historia?"

"Eeh, wameandika."

"Wana pointi ngapi?"

Hapo nikajua nimeshanasa kama sangara. Nikasema mbili.

"Kati ya ngapi?"

"Tisa."

"Wameshinda mechi ngapi?"

Nikanywa chai. Hamna hata moja, Nigeria katupiga 2-1, Uganda sare, na yenyewe ile Uganda wamepata penati mwishoni wakaipaisha juu, Tunisia sare. Na huyu mtoto alinikuta jana yake nacheza barazani na jirani yangu ambaye hatusalimiani tangu Juni kwa ajili ya mbuzi wake. Nikamweleza kwa upole, mwanangu mpira una hesabu zake, timu nne bora za nafasi ya tatu zinapita, na sisi tangu tuende AFCON ya kwanza mwaka 1980 hatujawahi kuvuka makundi, kwa hiyo pointi mbili sio za kudharau.

Akafikiria kidogo. "Basi hata mi nasubiri matokeo ya wenzangu."

Mama Kulwa huko jikoni mwiko umemdondoka kwa kucheka. Marehemu mzee wangu alikuwa mvuvi kule Kayenze, yeye mjadala hakuwa nao, anakutazama tu, unajikuta umeshika ndoo unaenda ziwani na hakuna aliyekutuma. Mi nikimtazama Doto hivyo ananiuliza baba unaumwa macho?

Nikaona hapana, hawa wanahitaji kuona kazi kwa macho. Tarehe 2 nikawapakia kwenye hiace, nauli za watu watatu na ndo Januari hiyo, mpaka Kigongo kwenye daraja. Wenzangu mliowahi kukaa foleni ya kivuko pale mnajua, unafika umevaa vizuri unaenda harusini Sengerema, unavuka ukweni wameshakula wali wote. Leo kilomita 3 unakatiza juu kwa juu, dakika chache uko Busisi. Nikasimama kifua mbele kama mkandarasi, nikawaambia mnaona, jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019, wakapiga kazi kidogo kidogo, maji yapo, mawimbi yapo, likafunguliwa Juni 2025, hawakukata tamaa.

Kulwa tangu Buhongwa hajafungua mdomo. Ndo akafungua.

"Baba, 2019 si ndo ulianza kujenga choo cha ndani?"

Muuza karanga aliyekuwa pembeni yetu akageuka kutazama ziwa, mabega yanamtikisika. Choo chenyewe kimeishia kwenye lenta na kuku wanatagia humo. Nikawanunulia karanga wanyamaze, tukarudi nyumbani kila mtu anaangalia dirisha lake.

Jumapili tarehe 4, 16 bora, Stars na wenyeji Morocco. Tumebana, tumebana, dakika ya 64 Brahim Díaz katufunga. Dakika za mwisho kabisa mtu wetu anasukumwa ndani ya boksi, peupe kabisa, refa anapeta! Nikasimama juu ya kochi napiga kelele mpaka mbuzi wa jirani akajibu, tumeonewa, vijana wamejituma vile, huyu refa kaja na majibu yake mfukoni!

Doto akaja taratibu akazima tivii, akaniwekea mkono begani.

"Pole baba. Mwalimu wa hisabati ndo ananifanyiaga hivyohivyo."