Hiyo "biweekly" yenu ni lini hasa?

Jamani, mnaoandika Kiingereza kazini, naomba mwachane na "biweekly". Neno hilo lina maana mbili zinazopingana: mara mbili kwa wiki, au mara moja kila wiki mbili. Na wala si kwamba watu wanakosea. Kamusi ya Merriam-Webster inazitambua zote mbili. Hapo ndipo panaponiudhi. Barua pepe inasema kikao ni "biweekly", huyu anajiandaa kwa Jumatatu na Alhamisi, yule anajua ni mpaka wiki ijayo ipite, halafu tunaanza kulaumiana nani hakuhudhuria. "Bimonthly" nayo ni yale yale. Waingereza wana "fortnightly", yaani kila wiki mbili, haina utata hata chembe. Au andika tu "every two weeks", kwani shida iko wapi?

Cha ajabu, watu haohao watakesha wakibishania "less" na "fewer", eti vitu vinavyohesabika lazima viwe "fewer"! Mwaka 2008 Tesco, kampuni ya maduka makubwa kule Uingereza, waliamua kuukwepa ubishi huo, wakabadili vibao vya foleni za haraka kutoka "10 items or less" viandikwe "Up to 10 items". Sawa, lakini kile cha zamani kilikuwa hakimpotezi mtu. Hii ya vikao inapoteza watu kweli. Andikeni siku na tarehe, tafadhali.