Nani aliusoma mkataba wa Waromania?

Mbele ya nyumba yetu hapa Himbi kuna depo, na kwenye lango lake kuna sentinele, kama kwenye malango mengi ya Goma. Ana rungu, tochi na firimbi. Bunduki hana, maana mlinzi wa kampuni hapa kwetu haruhusiwi kubeba silaha ya moto. Mwenye depo akitaka bunduki langoni, anakwenda kuomba polisi. Kifuani sentinele amevaa kadi yenye jina lake na la kampuni yake. Siku akimpiga mtoto wa mtu, mama wa mtoto anajua ofisi ya kwenda kupigia kelele.

Sasa niambie: wale Waromania wa kukodiwa na serikali yetu kwa ajili ya vita, waliokaa nasi tangu mwisho wa mwaka 2022, wakipita na silaha kuelekea Sake, mji ulio magharibi ya Goma, wewe uliwahi kujua ofisi yao iko wapi? Mimi sikujua. Hilo linaniuma hadi leo, kuliko hata namna walivyoondoka.

Namna walivyoondoka kila mtu anaikumbuka. Tarehe 29 Januari 2025, siku mbili baada ya waasi wa M23 kutangaza kwamba wameushika mji, zaidi ya 280 kati yao waliokuwa wamejificha kwa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, walivuka mpaka wakaingia Gisenyi, Rwanda. Wakapandishwa mabasi hadi Kigali, kisha ndege hadi kwao. Sisi tulibaki bila maji wala umeme, na maiti zilikuwa bado barabarani.

Jopo la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilikwisha kuandika habari zao mapema. Lilieleza kwamba mwaka 2022 Kinshasa iliingia mikataba na kampuni mbili, Agemira na Congo Protection, na kwamba Waromania walikuja kupitia hii ya pili, chini ya Horațiu Potra, mtu aliyewahi kuwa katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa. BBC iliona mikataba yao: karibu dola 5,000 kwa mwezi mtu akiwa kazini. Askari wetu hupata kama dola 100. Mtoto wa jirani yangu alikuwa kwenye mstari wa mbele huko Sake kwa hizo 100, na hata hizo zilikuwa zinachelewa.

Serikali yetu ilituambia ni wakufunzi. Mwezi wa Februari 2024 wawili kati yao waliuawa karibu na Sake, na Romania ikasema walikuwa waajiriwa wa kampuni binafsi. Mji ulipoanguka, Bucharest ikarudia maneno yaleyale: ni raia wetu, lakini wameajiriwa na Wakongomani. Kwa hiyo aliyewatuma hakuwatuma, na aliyewaajiri aliajiri walimu. Tuseme risasi yao ingempata mtu wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, pale Mugunga. Mjane wake angekwenda kushtaki wapi? Mahakama ya kijeshi ingesema hawa si askari. Ubalozi ungesema hawa si wa serikali. Kampuni ingesema soma mkataba, na mkataba haujawahi kuonekana na mwananchi hata mmoja.

Koko wangu, mama mzaa mama, alikuwa msichana Bukavu mwaka 1967. Hadi anafariki alikuwa akihesabu miaka kwa kusema "mbele ya vita ya Schramme" na "nyuma ya vita ya Schramme". Walikimbilia Walungu kwa miguu, yeye akiwa amembeba mdogo wake mgongoni. Jean Schramme, Mbelgiji mwenye shamba, pamoja na watu wake, alikuwa kwenye malipo ya jeshi letu wenyewe. Mwaka huo akaligeuzia bunduki, akaushika mji wa Bukavu kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba. Aliposhindwa, alivuka mto Ruzizi akaingia Rwanda, na mwaka uliofuata yeye na wazungu wenzake wakasafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Mwaka 1986 mahakama ya Ubelgiji ilimhukumu bila yeye kuwepo, kwa kumuua Mbelgiji mmoja. Kwa watu wa Bukavu hakuna aliyemuuliza neno. Miaka 57 kati ya daraja la Ruzizi na mpaka wa Gisenyi, na njia ya kutokea ni ileile.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya nchi dhaifu. Hapana. Tarehe 16 Septemba 2007, walinzi wa kampuni ya Kimarekani ya Blackwater walifyatua risasi katika uwanja wa Nisour, Baghdad, wakaua raia 17. Mahakama za Iraki hazikuweza kuwagusa, kwa sababu amri iliyotolewa na watawala wa Kimarekani ilikuwa imewapa makandarasi kinga. Marekani yenyewe iliwahukumu wanne mwaka 2014, na Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe. Hata hivyo wenzetu wale wana jambo moja ninalolionea wivu: Bunge lao liliunda tume ya kuchunguza mikataba ya vita vya Iraki na Afghanistan, na mwaka 2011 tume hiyo ikaandika wazi kwamba kati ya dola bilioni 31 na 60 zilipotea kwa ubadhirifu na udanganyifu. Mwalimu wa Goma anaweza kuisoma ripoti hiyo leo. Ya Sake tutaisoma lini?

Kanuni zipo. Hati ya Montreux ya mwaka 2008, makubaliano ya nchi mbalimbali kuhusu kampuni binafsi za kijeshi na za ulinzi vitani, inataja wajibu wa nchi inayoajiri, wa nchi ilikotoka kampuni, na wa nchi ambako kazi inafanyika. Hailazimishi nchi kisheria, lakini inaonyesha njia. Katika habari hii Kongo ni mwajiri na ni mwenye ardhi pia, kwa hiyo mzigo wetu ni mara mbili. Na Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 190, inasema atakayeunda kikosi cha kijeshi au wanamgambo wa binafsi ana hatia ya uhaini mkubwa. Mimi si mwanasheria. Lakini nataka mwanasheria wa serikali asimame Bungeni anieleze jinsi kifungu hicho na mkataba ule vilivyokaa chumba kimoja.

Sisemi nchi iliyovamiwa isitafute msaada. Wakati ule hata mimi nililala vizuri kidogo niliposikia wapo. Ndiyo maana nataka kujua nilikuwa nimelala juu ya nini.

Na jambo hili halijaisha. Aprili 2025 Reuters iliripoti kwamba Erik Prince, mwanzilishi wa Blackwater yuleyule, amekubaliana na Kinshasa kusaidia kulinda madini na kukusanya kodi yake, kwa kuanzia na migodi mikubwa ya upande wa Katanga. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Kolwezi, msingoje kama sisi. Waulizeni wabunge wenu sasa. Mkataba huo uwekwe mezani pao kabla mtu hajashuka kwenye ndege, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ukiwa na majina ya watakaokuja, mishahara yao, na jina la mahakama itakayompokea mjane.