Usisubiri Mkojo Ukugomee: Pima Tezi Dume Ukiwa Mzima

Ukimgusia mwanaume wa miaka hamsini na kitu habari za kupima tezi dume, mara nyingi atakujibu: "Mimi mbona nakojoa vizuri tu." Anasema hivyo kwa kujiamini, na kwake mazungumzo yameishia hapo. Nimelisikia jibu hili kwa wasomi na kwa wasiosoma, kwa wenye bima ya afya na kwa wasio nayo. Kila nikilisikia napata wasiwasi, kwa sababu saratani ya tezi dume inapoanza haina habari kabisa na mkojo wako.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, mbele ya utumbo wa haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, na kazi yake kubwa ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Umri ukisogea, nyama ya ndani, ile iliyouzunguka mrija, huanza kukua. Hapo ndipo mtu anaamka usiku mara tatu kwenda chooni, anasimama akisubiri mkojo ambao hauji, ukija unatoka kwa kusuasua, na akimaliza anahisi bado umebaki. Hali hiyo ni kutanuka kwa tezi dume. Inasumbua na inahitaji matibabu, lakini si saratani.

Saratani kwa kawaida huanzia upande wa nje wa tezi, kwa nyuma, mbali na mrija. Inaweza kukaa huko miaka bila kubana chochote na bila kuuma. Kwa hiyo mwenye shida ya mkojo mara nyingi hana saratani, na mwenye saratani changa mara nyingi hana shida yoyote. Mtu anayesubiri dalili ndipo aende hospitali anasubiri mjumbe ambaye huenda asije, au akaja ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye mifupa.

Maisha ya Nelson Mandela yanaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 1985, akiwa bado mfungwa, alifanyiwa upasuaji kwa sababu tezi dume yake ilikuwa imetanuka. Mwaka 2001, miaka 16 baadaye, akakutwa na saratani katika tezi hiyohiyo. Wapo wanaume waliofanyiwa operesheni ya kutanuka wakadhani wameagana na tezi dume moja kwa moja. Operesheni ile huondoa nyama ya ndani inayoziba njia na kuacha sehemu ya nje, na huko ndiko saratani nyingi zinakoanzia. Mandela alitibiwa kwa mionzi, akawaambia watu wazi anaugua nini, akaishi miaka mingine 12. Maambukizi ya mapafu ndiyo yaliyomwondoa, akiwa na miaka 95.

Linganisha na Chris Hoy, mwendesha baiskeli wa Uingereza mwenye medali 6 za dhahabu za Olimpiki. Mwaka 2023 alikuwa na maumivu ya bega. Mtu wa mazoezi akiumwa bega atafikiri nini zaidi ya msuli uliovutika? Alipopigwa picha ikaonekana uvimbe begani, na uchunguzi ulipoendelea ikabainika chanzo ni tezi dume, na saratani ilikuwa imeshasambaa. Alikuwa na miaka 47. Baba yake na babu yake nao walikuwa wamepata saratani hiyohiyo. Mwili wenye afya ya kiwango kile, mapafu yale, miguu ile, haukutoa ishara yoyote iliyoelekeza kwenye tezi dume hadi mfupa wa bega ulipoanza kuuma. Mwenyewe amelizungumzia hadharani ili wanaume wengine wapime mapema, na ningependa kila mwanaume anayesema "mimi nafanya mazoezi, sina shida" aisome habari yake polepole.

Ukubwa wa tatizo hautii shaka. Mwaka 2022 peke yake, wanaume wapatao milioni 1.47 duniani waligundulika na saratani hii, na karibu 397,000 walikufa nayo. Katika nchi zaidi ya 100 ndiyo saratani inayoongoza kugundulika kwa wanaume. Wataalamu waliokutanishwa na jarida la tiba la The Lancet walikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 kwa mwaka ifikapo 2040, kwa sehemu kubwa kwa sababu watu wanaishi miaka mingi zaidi. Na tofauti ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa mno. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ikikutwa ingali ndani ya tezi au jirani yake, zaidi ya asilimia 99 ya wagonjwa wanakuwa hai baada ya miaka mitano. Ikikutwa imefika mbali, kwenye mifupa kwa mfano, wanabaki chini ya asilimia 40.

Sasa tuje kwenye kidole, maana najua ndicho kinachowarudisha wengi mlangoni.

Kipimo cha kwanza siku hizi ni cha damu. Unakunja mkono wa shati, unachomwa sindano kwenye mkono, damu kidogo inachukuliwa, unaenda zako. Maabara inatafuta protini iitwayo PSA, ambayo hutengenezwa na tezi dume na kuvuja kidogo kwenye damu. Hakuna anayekuvua suruali kwa ajili ya hilo. Kipimo cha kidole bado kipo, na daktari anaweza kukiomba. Ukiombwa, unalala ubavu au unainama, daktari anavaa glavu yenye kilainishi, anaingiza kidole kimoja njia ya haja kubwa na kuigusa tezi kwa nyuma, palepale saratani inapopenda kuota, akitafuta kinundu au ugumu. Hakichukui hata dakika moja. Kinakera, lakini hakiumizi inavyosimuliwa. Wanawake wanapimwa mlango wa kizazi kwa kifaa kinachoingizwa mwilini, wanazaa mbele ya watu wasiowajua, na hatuwasikii wakisema utu wao umevunjwa. Sioni kwa nini uanaume uwe mwepesi kiasi cha kuondoka na glavu ya daktari. Na kama bado huwezi kuvumilia, mwambie daktari uanze na damu tu. Atakuelewa, na utakuwa umepima.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, na siipuuzi hata kidogo: nguvu za kiume. Mtu anajisemea kimoyomoyo kwamba wakikuta saratani watamkata, na wakimkata ndoa imekwisha. Hofu hii ina ukweli ndani yake. Upasuaji wa kuondoa tezi dume na matibabu ya mionzi vyote vinaweza kupunguza au kuondoa nguvu za kiume, na upasuaji unaweza kumwacha mtu akivujisha mkojo, wengine kwa miezi, wachache kwa muda wote. Mwanaume ana haki ya kuyajua haya kabla hajatoa mkono wake uchomwe, na anayehamasisha upimaji huku akiyaficha hawatendei haki wanaume.

Lakini kupima si kutibiwa, na kukutwa na saratani hakumaanishi kisu kesho asubuhi. Saratani nyingi za tezi dume hukua taratibu sana. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, daktari anaweza kukushauri ufuatiliaji wa karibu: unapima PSA kila baada ya miezi kadhaa, unapigwa picha za MRI, yaani za mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, mara mojamoja wanachukua vinyama vya kuchunguza, na unaendelea na maisha yako, pamoja na hayo unayoogopa kuyapoteza. Nchini Uingereza watafiti waliwafuatilia kwa miaka 15 wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi. Wengine walifanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine ufuatiliaji tu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 2.7 tu, na kati ya makundi matatu hapakuwa na tofauti kubwa ya vifo. Waliokuwa na nafasi ya kuchagua kati ya njia hizo ni waliogundulika mapema. Aliyechelewa, saratani ikiwa imesambaa, huanzishiwa dawa au upasuaji wa kuzima homoni za kiume mwilini, na tiba hiyo huondoa hamu na nguvu kwa wengi kuliko ufuatiliaji ungefanya. Kwa maana hiyo, mwanaume anayekwepa kipimo ili kulinda nguvu zake anaziweka hatarini zaidi.

PSA yenyewe ina mapungufu, na ni vyema uyajue ili usije ukashtuka bure. Kipimo kikipanda hakisemi una saratani. Kinaweza kupandishwa na tezi iliyotanuka, na maambukizi ya njia ya mkojo, na tendo la ndoa lililofanyika ndani ya saa 48, na kuendesha baiskeli kwa muda mrefu. Kati ya wanaume ambao PSA yao iko kati ya nanogramu 4 na 10 kwa mililita moja ya damu, takriban mmoja kati ya wanne ndiye hukutwa na saratani vinyama vikichunguzwa. Kuna pia wachache wenye PSA ya chini ambao wanayo. Na wapo wanaogundulika na saratani ndogo ambayo isingewadhuru maisha yao yote, wakaishi na wasiwasi au wakatibiwa bila ulazima. Kwa sababu hizi madaktari wenyewe wamebishana miaka mingi. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliohusisha wanaume zaidi ya 160,000 ulitoa majibu ya miaka 23 mwaka 2025: walioalikwa kupima PSA walikuwa na vifo vya saratani ya tezi dume pungufu kwa asilimia 13 kuliko wasioalikwa, sawa na kifo kimoja kilichozuiwa katika kila wanaume 456 walioalikwa.

Kuna watakaosema 456 ni wengi kwa ajili ya mtu mmoja. Mimi naona huyo mmoja ana jina na watu wanaomtegemea, na namna ya kupunguza madhara kwa wale wengine inazidi kuboreka: kurudia kipimo kabla ya kuhangaika, kupiga MRI kabla ya kuchukua vinyama, kufuatilia badala ya kukimbilia kutibu.

Uanze lini? Shirika la Saratani la Marekani limeshauri mazungumzo na daktari yaanze katika umri wa miaka 50 kwa mwanaume wa kawaida, na 45 kwa mwanaume mweusi au mwenye baba au ndugu wa kuzaliwa naye aliyegundulika kabla ya miaka 65. Mwenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliougua wakiwa na umri mdogo aanze akiwa na 40. Kwetu sisi weusi hili si la kupita haraka. Nchini Uingereza mwanaume mmoja kati ya wanane hupata saratani hii maishani. Kwa wanaume weusi wa nchi hiyohiyo ni mmoja kati ya wanne. Upande wa pili, mzee wa miaka 80 mwenye maradhi mengine mazito huenda asifaidike na kipimo hiki, na asisukumwe.

Siku ya kwenda, acha tendo la ndoa, mazoezi mazito na baiskeli kwa siku mbili kabla. Kama ulikuwa na maambukizi ya mkojo, subiri wiki kama sita baada ya kupona. Mwambie daktari dawa unazotumia, hasa zile za kupunguza tezi iliyotanuka kama finasteride, kwa sababu hushusha PSA karibu nusu na daktari asiyejua atadhani uko salama. Majibu yakitoka, omba namba yenyewe, usiridhike na "iko sawa", kisha uitunze karatasi hiyo pamoja na tarehe yake. PSA iliyopanda kutoka 1 hadi 3 ndani ya muda mfupi inaweza kumwambia daktari jambo ambalo 3 peke yake haisemi.

Jambo la mwisho ni usiri. Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alikuwa akipima PSA mara kwa mara, na saratani yake ikakamatwa hivyo mwezi Desemba 2023. Akafanyiwa upasuaji kimyakimya. Alipolazwa tena siku ya mwaka mpya kwa sababu ya maambukizi, hata rais wake hakuambiwa kwa siku kadhaa. Baadaye alisimama mbele ya waandishi wa habari, akaomba radhi, akasema habari ile ilimtikisa na kwamba jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kuifanya siri. Ninamwelewa. Mwanaume mwenye jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani chini yake aliona ugumu kutamka ugonjwa wa tezi dume. Hata hivyo alikuwa amepima, na ndiyo maana alikuwa na cha kutibiwa mapema.

Ukikutwa nayo, huna deni la kuwatangazia watu wote. Lakini ndugu zako wa kiume na watoto wako wa kiume waambie, kwa sababu hatari yao inakuwa kubwa zaidi, mara mbili au zaidi. Waambie na umri uliokuwa nao ulipogundulika. Siku mwanao atakapokaa mbele ya daktari wake ataulizwa kama baba yake aliwahi kuugua tezi dume na akiwa na miaka mingapi, na majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama aanze kupima akiwa na 50 au akiwa na 45.