Nikifika Ilula, viganja vinaanza kutoka jasho

Pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, lori likisimama karibu na breki zake zikatoa ile harufu ya kuungua, mimi huacha ninachofanya. Moyo unakwenda mbio, mate yanakauka. Sina safari yoyote, nimeshika mfuko wa mboga, lakini mwili umeshafika Kitonga, ule mteremko mkali wenye kona nyingi kwenye barabara ya Iringa kwenda Morogoro.

Huu ni mwaka wa nne tangu siku ile. Tulikuwa tunashuka na basi kwenda Morogoro, jua linazama, nyani wamekaa ukingoni wakisubiri maganda ya ndizi. Harufu ndiyo iliyotangulia. Halafu honi, moja, ndefu, isiyokatika. Semi, lori lenye tela, iliyokuwa nyuma yetu ilitupita kwenye kona ambayo hakuna mwenye akili timamu anayepita gari, matairi ya nyuma yakifuka moshi, ikaenda kujibamiza kwenye mwamba. Dereva wetu alisimama hatua chache kabla. Dereva wa semi na utingo wake walitoka wakiwa hai. Sisi hatukupata hata mchubuko.

Na kwetu, asiye na mchubuko hana cha kusimulia. Nyumbani niliambiwa "shukuru Mungu, wengine hawakurudi", nami nilishukuru kwa dhati. Changarawe, pale Mafinga, Machi 2015, kontena liliangukia basi na watu zaidi ya 40 wakafa. Mimi niliyetetemeka tu nijiite nani? Nikanyamaza. Miezi minane sikushuka Kitonga; harusi ya binamu yangu nikasingizia malaria. Kila safari niliyoiahirisha ilinipa nafuu ya siku moja, na iliyofuata ikawa nzito zaidi. Hofu ya namna hii ukiikimbia inanenepa, ndivyo alivyonieleza muuguzi wa afya ya akili, na ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza nalala vipi. Wengine wote waliuliza lilikuwa basi la kampuni gani.

Yule dereva wetu, nilisikia, kesho yake alikuwa barabarani. Nani alimuuliza yeye? Utingo je, aliyekaa ndani ya lile lori akijua breki hazipo? Gari likipata ajali linapelekwa gereji, mtu anapewa soda anywe atulie.

Hata hivyo sikubali kwamba hofu yangu yote ni ugonjwa. Sehemu yake ni elimu. Lori lenye mzigo likishushwa mteremko mrefu kwa kukanyaga breki tu, vyuma vinapata moto mpaka breki zinaacha kushika. Ndiyo maana madereva wazoefu husema gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia: injini izuie, breki isaidie. Anayetoa gia ili abane dizeli anachezea roho za watu. Tangu nilipolijua hili, masikio yangu yamepata kazi. Injini ikinguruma kwa uzito kwenye kona, napumua. Ikikaa kimya, nasema.

Kusema kwenyewe ni kazi nyingine. Abiria akitamka "dereva, punguza mwendo", wa kwanza kumzomea si dereva, ni abiria wenzake. "Kama unaogopa panda baiskeli!" Nimeshaambiwa hivyo na mzee wa makamo ambaye kona mbili baadaye alikuwa ameshikilia kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Sikumwambia kitu. Nilijua anachokishika.

Mwezi uliopita nilishuka tena. Tulipofika Ilula, kabla ya mteremko, nikasogea mbele, nikamwambia dereva nina woga na Kitonga, nilishawahi kukoswakoswa. Nilidhani atacheka. Akanitazama kwenye kioo, akasema, "Dada, mimi pale nashuka taratibu, gia nzito. Kaa hapa mbele uone mwenyewe." Nikakaa. Mkanda ulikuwa umenasa chini ya kiti, konda akauvuta akautoa, una vumbi la miaka. Video ya vichekesho ilikuwa inapiga kelele juu ya kichwa changu na sikusikia hata neno moja, nilikuwa naisikiliza injini.

Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima, basi liliposimama niliteremka, nikanunua ndoo nzima ya vitunguu. Nilikuwa naenda Morogoro kukaa siku mbili.