Kujitanda kanga, kuvaa sketi fupi

Ubishi kuhusu mavazi ya wanawake haujabadilika: nguo ikifupishwa, huyu anashangilia uhuru, yule analilia maadili. Wote wanapima kwa rula ileile. Zanzibar ya mwisho wa karne ya 19 inawaumbua wote wawili.

Mjakazi alivaa kaniki, yaani merikani (kitambaa cha pamba) iliyotiwa rangi nzito ya nili, kaifunga kifuani, mabega na kichwa wazi. Kujifunika kulikuwa kwa waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897 (masuria walisubiri hadi 1909), waliokuwa wajakazi waliitupa kaniki wakanunua kanga, tena doti nzima: moja ya kujifunga, moja ya kujitanda kichwani. Baadaye wakavaa na buibui. Hapo aliyejifunika ndiye aliyekuwa akivunja utaratibu.

Wapo watakaosema huko kulikuwa kuwaiga mabwana tu. Hoja hiyo si nyepesi. Kujitanda kulikubali kipimo cha heshima kilichowekwa na waungwana wenyewe, na binti anayelazimishwa buibui leo hana cha kushukuru hapo. Hata hivyo kanga haikuwa sare. Ilikuja na rangi na nakshi mpya kila mara, na mwenye fedha zake alichagua aitakayo. Kwa mtu ambaye hata nguo ya mwilini aliamuliwa na bwana, hilo halikuwa jambo dogo.

Dar es Salaam, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana marufuku. Siwabezi waliokuwa na nia njema. Taifa lilikuwa changa, likitafuta sura yake baada ya ukoloni, na kuhusu krimu hizo walisema kweli. Lakini hata tarehe haijafika, makundi ya vijana yalikuwa yakiwavamia wanawake Kariakoo na kwenye mabasi. Sketi fupi ilikuwa vazi la msichana wa mjini mwenye kazi ya ofisini, na nashuku kilichowaudhi zaidi ni mshahara wake kuliko magoti yake. Kuhusu utamaduni, miaka hiyohiyo serikali iliwahimiza Wamaasai waache shuka wavae suruali. Msichana wa Dar akatazwe nguo ya kizungu, Mmaasai asukumwe kuivaa!

Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume kwenye stendi ya matatu, eti kavaa vibaya. Kabla mwaka haujaisha, ndani ya sheria ya usalama iliyopitishwa kwa vurugu bungeni, kumvua mtu nguo kwa nguvu kuliwekewa kifungu chake kama kosa la jinai. Mengi katika sheria ile yalistahili kupingwa. Kifungu hicho kilipatia: kinamshughulikia aliyevua, na urefu wa sketi hakiuulizi.