Fullerton au Corona: mwaka wa gitaa una uzito gani?

Mwaka 1982 kampuni ya magitaa ya Marekani, Fender, ilianza kuunda upya magitaa yake ya zamani: Telecaster ya 1952 na Stratocaster za 1957 na 1962. Wapigaji walikuwa wakiyasaka makuukuu yaliyotengenezwa kabla shirika la utangazaji la CBS halijainunua kampuni mwaka 1965, na Wajapani walikuwa wakiyaiga kwa ustadi wa kutisha. Matoleo hayo ya kwanza yalitoka Fullerton, California. Mwaka 1985 CBS iliiuza Fender kwa Bill Schultz na wenzake bila kiwanda hicho, na kazi ikahamia Corona, mji mwingine wa California.

Siku hizi gitaa la Fullerton linauzwa ghali kuliko ndugu yake wa Corona, na wanaolitetea wana hoja. Yalitengenezwa kwa muda mfupi, hivyo ni machache. Yanatoka katika mji uleule ambako mwanzilishi, Leo Fender, alianzia. Juu ya yote, ndiyo yaliyoonyesha kwamba kampuni iliyoharibu jina lake chini ya CBS bado iliweza kufanya kazi nzuri. Kwa mkusanyaji, hiyo ni historia halisi, na historia ina bei.

Ila tukiongelea kupiga, mimi naona wengi wanatazama mwaka usiohusika. Kuhama kwa kiwanda hakukubadilisha mpango wa gitaa: Strato (yaani Stratocaster) ya 1962 iliendelea na freti nyembamba, vile vyuma vya kukingama shingoni, na ubao wa vidole wenye mviringo wa inchi 7.25 (namba ikiwa ndogo, ubao umebinuka zaidi). Mviringo huo unakaa vizuri mkononi ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, lakini ukivuta uzi wa kwanza kwa nguvu kule juu shingoni, sauti huweza kukatika, hasa nyuzi zikiwa zimeshushwa karibu na ubao. Kasoro hiyo utaikuta Fullerton, na utaikuta Corona.

Mabadiliko ya maana yalikuja baadaye. Mwaka 2012 mfululizo mzima, ulioitwa American Vintage, ulisukwa upya, zikiwemo pikapu zinazonasa sauti ya nyuzi, na Strato za 1956, 1959 na 1965 zikachukua nafasi ya zile za awali. Mwaka 2018 ukaja American Original wenye mviringo wa inchi 9.5, huo ni mwafaka wa kisasa, unaomfaa mpiga solo na kumuudhi anayetaka uasilia. Mwaka 2022 American Vintage II ikarudi kwenye 7.25. Tofauti hizi vidole vinazihisi hata ukifumba macho. Ningekuwa na pesa ya kununua moja la kufanyia kazi jukwaani, ningechagua kwa kigezo hicho na kuiacha anwani ya kiwanda.

Kwa anayetaka Fullerton hata hivyo, asiridhike na namba inayoanza na V kwenye bamba la nyuma, kwa sababu namba hizo hazikufuata miaka kwa mpangilio. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne, soma tarehe iliyo kwenye kitako cha shingo. Uliza pia habari za swichi ya kuchagua pikapu: Strato hizi zilitoka na swichi ya nafasi tatu, na ya nafasi tano ikiwekwa ndani ya kasha. Wengi walibadilisha, jambo ambalo si kosa, mradi ile ya kwanza bado ipo. Na muuzaji anayedai bei ya Fullerton huku akikataa shingo isifunguliwe, mwachie gitaa lake.