Kimberley iliokolewa na maji, si mzinga

Ukisoma habari za kuzingirwa kwa Kimberley, Afrika Kusini, mwaka 1899 hadi 1900, sifa nyingi utakuta zimemiminiwa mzinga mmoja: Long Cecil. Mimi naona George Labram, aliyeuunda, amesifiwa kwa kazi isiyostahili kutangulia.

Siubezi ufundi wake. Labram alikuwa Mmarekani, mhandisi mkuu wa kampuni ya almasi ya De Beers. Makaburu, wazungu wenye asili ya Kiholanzi waliokuwa vitani na Waingereza, walipouzunguka mji, mizinga midogo iliyokuwamo haikuweza kuwafikia. Mafundi wa karakana ya mgodi, ambao kazi yao ilikuwa pampu na mashine za kuchimbia, wakachukua pande la chuma cha pua wakalitoboa katikati, wakalivika pete nene ili lisipasuke baruti ikiwaka, wakachonga mifereji ndani yake ili kombora litoke likizunguka. Tarehe 19 Januari 1900 mzinga ukanguruma, ukirusha kombora la kilo 13 hivi.

Makaburu nao wakaleta mkubwa zaidi. Long Tom, wa milimita 155, ulitengenezwa Creusot, Ufaransa, na serikali ya Transvaal, jamhuri ya Makaburu, iliununua kwa ajili ya ngome za Pretoria. Huu uliopelekwa Kimberley ulikuwa na kovu: mwezi Desemba Waingereza waliokuwa wamezingirwa katika mji wa Ladysmith walitoka usiku wakaulipua mdomo, ukarudishwa Pretoria, ukakatwa sehemu iliyoharibika na kutengenezwa upya. Kombora lake lilizidi kilo 40.

Ulitumia baruti nyeusi, kwa hiyo kila ulipofyatuliwa wingu zito la moshi mweupe lilipanda kilimani. Walinzi wakiuona moshi walitoa ishara, na watu walikuwa na sekunde chache tu za kukimbilia shimoni kabla kombora halijatua. Fikiria mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akizihesabu sekunde hizo. Tarehe 9 Februari, siku ya tatu tangu Long Tom uanze kupiga mji, kombora lilimuua Labram chumbani kwake hotelini. Baadaye wanawake na watoto kwa maelfu wakateremshwa chini ya migodi.

Basi mzinga wa mji ulikuwa umeleta nafuu gani? Kwa maoni yangu, ndogo sana. Ulimchokoza adui akaja na mkubwa kuushinda.

Kazi ya Labram iliyowaweka watu hai ni nyingine. Makaburu walipokata maji yaliyotoka mto Vaal, yeye aliunganisha mabomba na kuuletea mji maji ya mgodi wa Wesselton. Alijenga pia chumba cha baridi ili nyama ya ng'ombe waliochinjwa isioze. Hayo hutajwa kwa mstari mmoja, kisha simulizi inarudi kwenye mtutu.

Na kuna waliobaki nje kabisa ya simulizi. Wafanyakazi Waafrika, wakiwa ndani ya kambi za mgodi zilizozungushiwa ua, walipunguziwa chakula, wakakosa mboga, wakafa kwa kiseyeye. Mzingiro uliua wengi zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa makombora, na wengi wa hao walikuwa Waafrika.

Long Cecil upo Kimberley hadi leo, kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita. Natamani pembeni yake paandikwe habari za maji ya Wesselton, na za wale waliokufa kambini.